Nimemlisha mama mkwe slaimu

Mwanasha, leo sikukuu yote hii nimemlisha mama mkwe slaimu. Slaimu, shoga!

Asubuhi niliitengeneza na watoto kwa gundi na sabuni, ule ute wao wa kuchezea unaovutika, tukatia rangi nyekundu na vimetameta vya Idi. Nikaiweka kwenye bakuli jikoni, pembeni ya bakuli la haluwa.

Mama akafika kutoka Nandagala. Kwa kiherehere changu nikafunua bakuli bila hata kuangalia, nikamchotea.

Akatia mdomoni. Akatafuna weee. "Mwanangu, haluwa hii mbona haikatiki?"

Haikatiki! Nikapiga kelele, "Mama, tema!" Akatema yote, alhamdulillah. Watoto wako chini kwa kicheko. Na mimi ndiye mwalimu wa sayansi!

Mama kasukutua, kanitazama, kasema, "Mwakani mtie sukari."