Mtoto wa komba na kikapu cha Masereka

Alhamisi usiku. Mvua imekatika, ukungu umeshuka hapa mlimani Mahango mpaka mlangoni kwangu, na moyo hauna raha.

Tangu Jumanne nimemtilia shaka Masereka, mwenzangu wa kazi. Sisi ndio tunaoandika mwenendo wa komba wanapotoka usiku: ameruka, ametembea juu ya tawi, ameng'ang'ania shina akiwa wima, yuko peke yake au na nani. Tunapokezana zamu, daftari ni moja.

Jumapili, zamu yangu, mtoto wa komba alikuwa kwenye panda ya mparachichi. Mama yake alimwacha hapo akaenda kutafuta wadudu. Jumanne nikarudi, panda tupu. Nikafungua daftari: Masereka ameandika kwamba Jumatatu mama alimbeba mtoto kwa mdomo, akaruka naye miti mitatu.

Miti mitatu, na mzigo mdomoni! Na Jumanne hiyo asubuhi nilimwona Masereka akiteremka sokoni Bwera na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Bwera ni mpakani, kila kitu kina mnunuzi, hata mtoto wa komba. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Nilipomuuliza, hakukasirika hata kidogo.

"Mutoto iko muzima. Kama hauamini, uliza mama yake."

Utani huo ndio uliozidisha shaka yangu. Jana mkewe akaniambia kikapuni mlikuwa na mayai ya mama mkwe. Nikaona anamfichia mumewe. Nikateremka hadi simu iliposhika, nikampigia bosi wetu aliyeko Kasese, nikamwaga yote. Masereka akakatazwa kupanda mlimani, na kesho bosi anakuja kumwachisha kazi.

Masereka hajui kwamba ni mimi niliyemsema.

Leo nilikuwa peke yangu, na tochi yetu iliyozibwa karatasi nyekundu ili mwanga usiwashtue komba. Nikasikia majani. Komba jike alikuwa ameshikilia shina, mdomoni kitu kinaning'inia. Nikadhani panzi, lakini panzi hana mkia. Akajikunja, akaruka. Akaruka tena. Akamweka mtoto kwenye panda nyingine, akamlamba, akaenda zake.

Nilikaa palepale kwenye matope. Naona aibu hata kuandika.

Simu haishiki huku juu. Kesho, kabla gari la bosi halijafika, nitakuwa mlangoni kwa Masereka, halafu nitamngoja bosi barabarani. Nitaanzia wapi kusema?

Labda nitasema hili tu: nimemuuliza mama yake.