Chuma cha Profesa Kisicho na Viputo

Shoga, acha unachofanya. Profesa wetu leo kavuliwa nguo mbele ya wageni, na kajivua mwenyewe.

Unakumbuka kile chuma chake cha miujiza, cha kujengea ukuta wa mtambo wa nyuklia? Alichokishindilia gesi ya heliamu siku tatu, halafu kwenye hadubini asione kiputo hata kimoja?

HATA KIMOJA. Vyuma vya wenzake gesi hiyo ikiingia vinajaa viputo, vinavimba, vinapasuka. Chake kizima kama kimetoka dukani jana. Mwezi mzima hasalimii mtu, anajiona keshaokoa dunia.

Basi leo kawaita wakaguzi wakiidhinishe. Kajipulizia manukato mpaka macho yanatuwasha.

Mkaguzi mmoja, mama mpole tu, akamuuliza, "Samahani Profesa, heliamu iliingia kina gani?"

"Ngozi ya juu tu, nyembamba kuliko unywele," akajibu kwa madaha.

"Na kabla ya kupiga picha mlikisugua?"

"Nilikisugua mwenyewe! Nusu siku! Mpaka kikawa kioo!"

NILIKISUGUA MWENYEWE, shoga. Kwa fahari kabisa.

Mama wa watu akamsubiri afike kwenye jibu mwenyewe. Akafika. Jasho hilo! Ile ngozi yenye heliamu aliisugua yote ikaenda na maji, akabaki anapiga picha chuma kitupu.

Unadhani alinyamaza? Akakohoa, "Lakini ukweli unabaki, hakina kiputo."

Mama akafunga faili lake taratibu. "Kweli, Profesa. Hata kijiko changu cha chai hakina."