Harufu Niliyoisikia Peke Yangu

Jumamosi. Mvua imenyesha hadi alfajiri, kisha jua likatoka na hasira zake zote. Ua wote unafuka mvuke. Nimekaa barazani na tumbo langu, natabasamu peke yangu kama mtu aliyepata habari njema akakosa wa kumwambia, kwa hiyo nawaambia ninyi.

Leo nimeaminiwa.

Kwa msiojua: nina mimba, mwezi wa nane umeshaingia, na kwa wiki kadhaa nimekataa kupanda gari letu wenyewe. Lilikuwa linanuka petroli. Siku ya kwanza harufu ilinipanda kichwani nikiwa kiti cha nyuma, nikaomba kushuka pale Simi-Simi, nikatapika mbele ya watu. Tangu hapo nimekuwa nikienda kliniki kwa toleka, baiskeli zetu za abiria, nimekaa upande, mkono mmoja kwenye tumbo. Hakuna shimo la barabara ile ambalo mtoto wangu halijui.

Bosco, mume wangu, hakusikia harufu yoyote. "Mado, mimba njo inakudanganya," aliniambia, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

Tatizo ni kwamba mimba ilikuwa inanidanganya kweli. Mwezi uliopita nilimwaga sufuria nzima ya pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, nikiapa kwamba imechacha, kumbe ilikuwa nzuri, na Bosco akala chikwangue, mkate wa muhogo, kavu bila kulalamika. Nimezaliwa kando ya maporomoko ya Wagenia, baba yangu ni mvuvi, nimekua na moshi wa samaki ndani ya nywele. Sasa mama mmoja akipita tu na beseni la samaki wa moshi, nafunga dirisha. Kwa pua ya namna hii, nani angeniamini? Hata mimi nilianza kujishuku.

Lakini niliogopa. Hospitali ya kujifungulia iko mbali na kwetu, uchungu hauulizi saa, na siku hiyo sitaweza kupanda baiskeli. Nilijiona nimefungiwa ndani ya harufu ile, navuta pumzi ndefu kama mkunga anavyotufundisha, na mtoto anazivuta pamoja nami. Na je, cheche moja ikiruka? Wazo hilo sikumwambia mtu, nililala nalo tu.

Nilipokataa kabisa kupanda, Bosco akamwita tonton wake, yaani mjomba wake, Alphonse, fundi wa magari. Alikuja asubuhi na mapema, hewa ikiwa bado baridi. Akalala chini ya gari, akapitisha vidole kwenye mabomba, akavinusa. Pakavu. "Bokilo, gari iko muzuri," akaniambia, maana mimi ni mkwe wake na ananiita hivyo kwa heshima. "Zaa kwanza, harufu itaisha." Wakacheka wote wawili. Niliingia ndani nikalia kwa hasira, halafu nikalia tena kwa kujikasirikia kwamba nalia.

Kilichonifungua macho ni bidoni, lile dumu letu la petroli.

Jana jioni nilimtazama Bosco akimimina petroli kwenye tangi, polepole, kama anamlisha mtoto. Akamimina hadi juu. Nikajiuliza, hapa Kisangani nani anajaza tangi? Mtu ananunua chupa moja mbili pembeni ya barabara, anasogea, ya kesho atajua kesho. Hata sisi tulikuwa hivyo. Lakini tangu waliponiambia kliniki tujiandae, Bosco anataka tangi lijae saa zote, ili uchungu ukinianza usiku asianze kugonga milango ya wauzaji. Na harufu ilianza siku zile zile alipoanza kujaza! Siku aliyokuja tonton, Bosco alikuwa ametoka kupeleka watu Masako, na tangi lilikuwa karibu tupu.

Nikamwambia Bosco gari lisiguswe, kesho likae juani, kisha tonton aje tena mchana. Alinitazama sana. Nadhani aliona kwamba safari hii sikuwa natia chumvi.

Leo mchana tonton amefika na sigara mdomoni. Nimemwambia aizime kwanza, akaizima kwa kuniridhisha tu. Akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akakitoa haraka.

"Eh! Esanse!"

Neno moja tu: petroli. Nililisubiri kwa wiki hizi zote.

Wametoa waya wa betri, wakaacha milango wazi, kisha wakainua kiti cha nyuma, kile kile ninachokaliaga. Chini yake kuna kifuniko cha pampu ya petroli, juu ya tangi. Tonton akakipaka povu la sabuni, na povu likaanza kuvimba vipovu kando kando. Alipokifungua, mpira wa kuzibia ulikuwa umelainika na kuvimba kama uyoga uliolowa. Ulikuwa umekatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, na petroli huila tyubu ya baiskeli. Tangi likiwa na kidogo, mvuke unaotoka ni haba. Likijaa na jua likiwaka, unapanda wote hadi kwenye pua yangu.

Tonton akaugeuza ule mpira mkononi.

"Bon. Hii ni mimi njo nilikata," akasema. Alipobadilisha pampu, mpira halisi ulikosekana madukani. "Mama, unisamehe."

Ningekasirika vipi? Mji huu wote umefungwa kwa tyubu za baiskeli: ndala, milango, hata kasia la baba yangu. Nimemwambia tumeshasameheana, ila sigara aiache nje ya ua wangu.

Amekwenda mjini mwenyewe, akarudi na mpira unaostahimili petroli. Akaufunga, akapaka povu tena. Likatulia tuli. Gari likapigwa na upepo, kisha tukalifunga na kuliacha juani, huku Bosco akizunguka ua kama anasubiri matokeo ya mtihani.

Nimefungua mlango mwenyewe. Nimekaa kiti cha nyuma, nikafunga vioo, nikasubiri harufu ipande.

Haikupanda.

Bosco akainama dirishani. "Unasikia nini?"

"Jasho yako."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Pardon, Mado. Nilizani ni mimba." Tukazunguka hadi Simi-Simi na kurudi, vioo vimefungwa, joto la kufa mtu, na sikutaka kufungua hata kidogo. Nilikuwa na furaha mno.

Simlaumu. Tangi alilijaza kwa kunipenda, na harufu aliizoea kwa kuivuta kila siku.

Najifikiria mimi zaidi. Wewe unayenipiga mateke tumboni ninapoandika haya, siku moja utakuja kuniambia kuna kitu kibaya, na mimi sitakiona wala kukisikia. Nitakuwa nimechoka, au sufuria iko motoni, na pengine jana yake utakuwa umelia bure.

Je, nitainua kiti cha nyuma nikaangalia?