Malkia Aliyegongwa Muhuri

Jumapili, 1 Machi 1987
Pak Sutarya, mzee rafiki wa nyumbani, amerudisha stempu ya Baba. Aliiazima wiki mbili aionyeshe kwenye chama chetu cha wakusanya stempu. Malkia wa Kiholanzi, mtawala wetu wa zamani, na juu ya uso wake jina la Jamhuri yetu mpya kwa wino mweusi. Baba alisema aligonga jina lile kwa mkono wake, posta ya Bandung, mwaka arobaini na tano, risasi zikilia nje. Enzi za uhai wake hakuna aliyeruhusiwa kuisogelea na lenzi. Leo nimeisogelea. Kuna kitu hakinipendezi.

Jumanne, 3 Machi
Nimekiona! Muhuri wa tarehe ni wa 1941, nao uko CHINI ya jina la Jamhuri. Yaani stempu ilikwisha safiri na barua, ndipo ikagongwa jina. Na posta waligonga jina kwenye stempu mpya tu. Bandia! Ya Baba haiwezi kuwa bandia. Basi imebadilishwa. Kikulacho ki nguoni mwako — na kila sikukuu ya Lebaran Pak Sutarya anakula kwetu!

Alhamisi, 5 Machi
Nimemwambia Bu Lilis, katibu wa chama. Hakuningoja nimalize. Alisema alijua zamani, mtu mwenye kicheko kile hakosi kitu cha watu mfukoni. Jumapili Pak Sutarya atawekewa kikao.
Nimekutana na Pak Sutarya sokoni akichagua tofu. “Neng, binti yangu, mbona unanikagua kama mtu wa forodha?” Nikacheka. Mnafiki mimi.

Jumamosi, 7 Machi
Nimefungua bati la biskuti la Baba kutafuta ushahidi. Nimepata picha ya stempu, aliipiga miaka ishirini iliyopita. Pembeni stempu imekatika meno mawili ya ukingo. Nikalinganisha. Meno mawili. Ni ile ile!
Chini ya picha, kimhuri cha mbao. Nimekigonga kwenye gazeti: jina la Jamhuri. Pamoja nacho, malkia kumi na mmoja wa 1941, wote wametumika, wanangoja zamu yao.
Baba. Baba!

Jumapili, 8 Machi
Naandika hapa hapa kikaoni, daftari magotini. Bu Lilis amesoma mashtaka. Wamemuuliza Pak Sutarya kama alibadilisha stempu. Amejibu waandike wanavyotaka, marehemu alikuwa rafiki yake.
Alijua! Ana lenzi kali kuliko yangu. Alikaa nayo wiki mbili, akairudisha kimya.
Kimhuri kimo mkobani mwangu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Bu Lilis ananiita nisimame nieleze. Ananiita tena. Pak Sutarya ananitazama, anatikisa kichwa polepole: nisimtaje Baba.