Supu Uliyokunywa Kabla ya Kutolewa Damu

Mama,

Lado amepona. Naanza na hilo kwa sababu najua usingenisikiliza mengine kabla ya kulisikia. Jana amekula samaki wawili wa kuchemsha, kisha akalalamika hawana chumvi. Mwanao amerudi kuwa yule yule.

Alishikwa na mafua ya virusi, kama yale yaliyokuchukua wewe miaka miwili iliyopita, wakati hata mwaka tulikuwa hatujamaliza tangu turudi Juba kutoka Nakuru. Homa, kifua kubana, pumzi fupi. Nilimpandisha boda hapa mtaani kwetu Hai Malakal, nikamshikilia kwa nyuma, moyo wangu ukisema: ndiyo haya tena.

Kliniki wakamtoa damu. Chupa ilipotulia, juu pakakaa utando mweupe kama maziwa. Si ndivyo ilivyokuwa damu yako? Daktari wa siku ile alisema, "Ina mafuta mengi mno, na mwenye damu ya hivi akipata virusi huumia zaidi." Siku ya tatu ukatuacha. Na nani alikuwa akikupikia? Mimi. Sambusa zangu, nyama zangu za kukaanga, samli nisiyoipima. Miaka miwili, Mama, nimeamini nilikuua kwa sufuria. Sikumwambia mtu, hata Baba.

Daktari wa safari hii, mama mmoja mpole, akauliza Lado amekula nini asubuhi. Nikajibu hajala kitu, maana tuliambiwa asile. Shangazi Poni akaanza kuangalia viatu vyake. Unamjua wifi yako, ukimbizi wa Uganda haukumfundisha kuficha uso.

"Mimi nilipea yeye supu kidogo tu," akasema. "Mtu iko na njaa, damu itatoka wapi?"

Kidogo! Kikombe kizima cha supu ya mifupa, samli ikielea juu, eti apate nguvu za kutolewa damu. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akatueleza kwamba supu ya namna hiyo huweza kuifanya damu iwe nyeupe kwa saa kadhaa. Kesho yake Lado akapimwa bila kula, na mafuta yakawa ya kawaida.

Nilikuwa kwenye benchi nilipokumbuka. Asubuhi ile ya kupimwa kwako hukutaka kunywa chochote. Nikakubembeleza: "Kunywa, Mama, wanakwenda kukutoa damu." Ukamaliza kikombe cha supu yangu ili kuniridhisha tu.

Nilimweleza daktari yote, nikilia mbele za watu. Hakunidanganya. Alisema mafuta yakikaa kwenye damu miaka mingi, kweli yanaweza kuufanya ugonjwa uwe mzito. Lakini yako hakuna aliyeyajua, maana kilichoonekana kwenye chupa huenda kilikuwa kifungua kinywa chako. "Supu ya asubuhi moja haiui mtu," akasema. Mama, nilisikia mwili mwepesi. Nilirudi nyumbani nikala sahani mbili.

Samli nimeipunguza, Baba ananuna. Na nakuahidi: mtu wetu yeyote akienda kupimwa tena, nitalala mlangoni Shangazi asipite na kikombe, na daktari akiuliza, nitasema kila kilichoingia tumboni.

Jumapili baada ya ibada nitakuja kaburini. Siku zote nimekuwa nikisimama nyuma ya wenzangu, naona haya. Safari hii nitakaa karibu nawe.

Lala salama, Mama yangu.

Keji