Neno Moja Mbele ya "Dhaifu"

S.L.P. 317,
14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu za nyumbani. U mzima? Kile kifua kimetulia? Mimi mwili haujambo, moyo ndio mzito.

Habari yenyewe ni ya Mama. Nilikuandikia kwamba hospitali wameleta barua, na kwamba atapasuliwa akipata nguvu kidogo. Ukajibu kuwa utaomba likizo siku ya upasuaji ikipangwa. Kaka, siku hiyo haitapangwa. Kosa ni langu.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema Mama ni "too weak" kwa upasuaji. Nami, mwalimu mzima wa Kiingereza, nikaielewa kama "very weak", dhaifu sana. Darasani huwaambia watoto kwamba maneno hayo hukaa mbele ya sifa kuikoleza, kama "sana" yetu inavyokaa nyuma. Kumbe "very" hukoleza tu. "Too" hufunga mlango. Walimaanisha amedhoofu kupita kiasi, hapasuliki tena.

Wiki tano Mama amejilazimisha kula. Alimeza uji kwa machozi, huku akinitania: "Kijiko hiki cha daktari. Hiki cha kisu chake." Alitapika, akaomba kingine.

Jumanne nilikwenda kuuliza tarehe. Nesi wa zamu akaisoma barua, akanitazama. "Dada, hukuelewa? Hapa hakuna tarehe." Nilikaa kwenye benchi la korido mpaka mfagiaji akaniomba niinue miguu.

Nilimweleza Mama siku ile ile. Sikuweza kumlisha uongo pamoja na uji. Akasema, "Basi nipumzishe na huo uji, mwanangu." Akageukia ukutani. Hakunilaumu hata kidogo, afadhali angenigombeza.

Shuleni nimeomba mwenzangu anishikie vipindi. Sina uso wa kusimama mbele ya ubao.

Tangu hapo Mama ananiuliza jambo moja tu: unakuja lini? Usingoje likizo, Kaka. Omba ruhusa leo, njoo angali anatutambua.

Nisalimie wifi na mapacha. Shangazi, aliyekuwa akishinda na Mama nikiwa kazini, anakusalimu sana. Mungu akusafirishe salama, na akukutanishe na Mama akiwa macho.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba.