Diski ya Mama

Dada mpendwa,

Huku sote wazima, na lile paa halivuji tena. Mwanangu ameota meno ya mbele.

Unajua ninavyopenda kukusanya filamu. Zamani kila mwisho wa mwezi nilinunua mbili mpya. Bei ilipopanda maradufu nikaanza kubadilishana: muuzaji anachukua diski tano za zamani, anakupa moja mpya. Kabati likawa linapungua huku najiona mjanja.

Dada, nisamehe. Jumamosi nilimpelekea rundo zima bila kufungua makasha. Ndani ya kasha la filamu moja ya vita ndimo nilimohifadhi diski ya Mama, ile niliyomrekodi jikoni akicheka. Nilipogundua, nilirudi mbio.

"Zimeshachukuliwa, kaka," muuzaji akaniambia. "Na aliyezichukua simjui."

Nimezunguka maduka yote ya filamu mjini. Wananiona mwehu.

Tafadhali pekua masanduku yako, huenda niliwahi kukutumia nakala nikasahau. Jana mwanangu aliniuliza bibi yake alikuwa anachekaje. Nilijaribu kumwigiza nikashindwa. Kicheko chake sikikumbuki tena.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba